Lupini na magimbi kwenye bustani ya Tanga: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nauza miche Tanga mjini, chini ya mwarobaini, kwenye njia ya kwenda Raskazone. Haipiti wiki bila mtu kuninyooshea simu: "Dada, ua hili unalo?" Picha huwa ni ileile: minara ya maua ya zambarau na waridi, nyuma yake ziwa la buluu na mlima wenye theluji. Hiyo ni lupini. Na mtu huyohuyo, ili aifikie meza yangu, ameruka beseni la miche ya magimbi bila hata kulitupia jicho, maana magimbi anayajua, ni ya futari. Nimechoka kujibu kwa mdomo. Soma hapa, kisha uje tuongee bei.

Lupini ni mmea gani hasa?

Ni mkunde. Ndugu zake ni kunde, choroko, karanga na maharage. Chukua ua la kunde asubuhi kabla halijanyauka, ulitazame: bawa moja kubwa limesimama nyuma, mawili madogo yako ubavuni, na chini kuna kijimashua kilichofumba. Sasa yapange maua ya namna hiyo hamsini au zaidi kuzunguka kijiti kimoja kilichosimama wima, umepata lupini. Jani lake limegawanyika vidole vidole kama kiganja kilichokunjuliwa. Umande ukianguka, tone moja hukaa katikati ya kiganja, likang'aa kama shanga.

Aina zake zinapita 200. Nyingi asili yake ni mabara ya Amerika, chache ni za pande za Mediterania na za kwetu Afrika. Hata nyanda za juu za Afrika Mashariki zina lupini yao ya porini, Lupinus princei. Lakini ya kwenye simu yako siyo hiyo. Yako ni uzao wa Lupinus polyphyllus, mmea wa magharibi ya Amerika Kaskazini uliopelekwa Uingereza na David Douglas mwaka 1826. Mwanzoni rangi zake zilikuwa chache na zimepooza. Mtunza bustani mmoja wa mji wa York, George Russell, alikaa zaidi ya miaka 20 akichagua mbegu na kung'oa kila mche usiomridhisha, na mwaka 1937 akaonyesha watu lupini za rangi zote, nyingine rangi mbili kwenye ua moja. Kwa hiyo unachokiona kwenye picha ni umri wa mtu mzima wa kuchagua na kutupa.

Jina la Kiswahili hatuna. Jina la Kilatini linatokana na mbwamwitu, kwa sababu watu wa kale waliuona mmea huu ukiota kwenye ardhi iliyochoka wakadhani ndio ulioila. Waliusingizia mmea, nitaeleza huko chini.

Magimbi tunayajua. Kuna la kueleza?

Lipo, tena kubwa kuliko unavyodhani, maana watu wengi wananiletea jani la mmea mwingine wakisema ni magimbi.

Gimbi halisi ni Colocasia esculenta. Wapo wanaosema majimbi, mmea wenyewe wengine huuita myugwa, na ukivuka Horohoro ukaenda mbele Kenya utasikia nduma. Asili yake ni Asia ya kusini na kusini mashariki, na limezunguka dunia siku nyingi. Wamisri huliita kulkasi, na ukilisikiliza vizuri jina hilo unasikia Colocasia ndani yake.

Ukitaka kuhakikisha, geuza jani. Gimbi halisi, kikonyo kinalishika jani kwa mgongoni, ndani kidogo, mbali na ule mpasuko wa juu. Kikonyo kikiungana na jani palepale kwenye mpasuko, hiyo ni Xanthosoma, ya asili ya Amerika. Nayo inaliwa, na sokoni wengi huyauza yote kwa jina moja. Ya tatu ndiyo ya kuiogopa: Alocasia, jani gumu lenye kung'aa, ncha yake mara nyingi ikitazama juu wakati ya gimbi inatazama chini. Hiyo panda kama pambo. Mtu akikuuzia kwa ajili ya sufuria, mrudishie.

Niko Tanga mjini. Nipande kipi?

Magimbi.

Nieleze kwa nini, maana wengi wakisikia hivyo wananiona mvivu wa kuagiza mbegu.

Kwanza ni usiku. Lupini inalivumilia jua la mchana endapo usiku utapoa. Sasa nenda ukalale Ngamiani mwezi wa Februari. Saa tisa usiku shuka bado linakuganda mwilini. Mmea uliozoea kupumzika kwenye baridi hapo haupumziki, unakula akiba yake mpaka unaisha.

Pili ni ardhi. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekalia mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya chokaa hiyohiyo, na saruji inatengenezwa Pongwe kwa sababu hiyohiyo. Lupini inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH kati ya 5.5 na 7. Kwenye chokaa chuma cha udongoni kinafungwa, mizizi haikipati, na majani yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Ukiona hivyo mtu atakwambia ongeza mbolea. Usiongeze, hutasaidia kitu.

Tatu ni maji. Mzizi wa lupini ni mmoja mrefu, unashuka chini kama karoti, na ukikaa kwenye maji mawili matatu ya masika unaoza kuanzia ncha. Gimbi ni kinyume chake kabisa. Kata kikonyo chake kwa kisu ukiangalie kwa karibu: ndani kina vyumba vidogo vidogo vya hewa, kama sponji. Hewa inashuka kwa njia hiyo mpaka kwenye mizizi, ndiyo maana linaweza kusimama kwenye maji wiki nzima na likazidi kunawiri.

Mji wetu unasifika kwa msemo wa waja leo, waondoka leo. Lupini huku pwani ndivyo ilivyo.

Nitajuaje kama udongo wangu una chokaa?

Chukua kijiko cha udongo mkavu, weka kwenye kisosi, mwagia siki ya jikoni. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa. Usipochemka, usishangilie sana, chokaa kidogo haitoi povu la kuonekana. Anayetaka kipimo cha kweli, Muheza kuna TARI Mlingano, kituo cha utafiti kinachojulikana kwa kazi ya udongo.

Wewe mwenyewe umewahi kuijaribu?

Nimejaribu mara mbili, na ya kwanza bado inaniuma.

Mpwa wangu alirudi safari akaniletea pakiti, mbegu 30, picha ya minara mbele. Nikazipanda mwezi wa Januari, kwa sababu ndiyo siku niliyozipata na nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha watu. Nilizimwaga kwenye trei pana ya plastiki, nikaweka samadi ya kuku nyingi, nikamwagilia asubuhi na jioni kama ninavyomwagilia mchicha. Zikaota 11. Nikafurahi, nikawaita majirani. Wiki ya tatu miche ikaanza kulala chini mmoja mmoja, shingo nyembamba kama uzi, nyeusi pale inapokutana na udongo. Samadi ile, maji yale, joto lile. Kuvu ya kuozesha miche ilikuwa kwenye karamu. Mwisho wa mwezi sikuwa na hata mmoja.

Mara ya pili nilijirudi. Nilipanda mwishoni mwa Mei, masika yakiaga, kwenye viriba virefu, udongo mwekundu niliobebewa kwenye kiroba kutoka Bumbuli ukiwa umechanganywa na mchanga wa mto. Kivuli cha mchana, maji kidogo siku ikiruka. Nikapata miche minne. Katikati ya Agosti, kipupwe bado kikivuma, mmoja ukatoa mnara. Mnara wenyewe ulikuwa urefu wa shibiri, maua ya buluu yameachana kama meno ya mtoto. Ulikaa siku tisa. Upepo ulipogeuka na joto kurudi, mche ukakauka wote. Nilipiga picha kwa karibu sana ili uonekane mkubwa.

Na Lushoto?

Hapo tunaongea lugha nyingine. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Basi likiwa Mombo umefungua dirisha lote. Likishaanza kona za kwenda Soni unalifunga mwenyewe bila kuambiwa. Udongo wa Usambara kwa sehemu kubwa ni mwekundu, umeoshwa na mvua miaka mingi, una uchachu. Usiku unapoa. Kila kitu lupini inachokililia kipo.

Ila zingatia aina. Zile za Russell ni za kudumu na zimelelewa kwenye nchi yenye majira ya baridi kali. Nyingi husubiri baridi hiyo ndipo zichanue vizuri, na Lushoto pamoja na ubaridi wake haina barafu. Nyingine zinaweza kukaa na majani tu, ukashindwa kuelewa kosa lako. Mimi humshauri mtu wa milimani aanze na za msimu mmoja, au Lupinus mutabilis, ambayo inatoka milima ya Andes. Wakulima wa kule wako jirani na ikweta kama sisi, mchana wao na wetu karibu unalingana.

Amani je? Ni chini kidogo, na mvua ni nyingi. Bustani ya mimea ya Amani ipo tangu 1902, Wajerumani walipoanzisha kituo cha kujaribu mimea ya kila nchi, na mengi yaliyopandwa pale yakatoroka yakaingia msituni. Kwa hiyo ukiishi karibu na msitu, Amani au Magamba, kata vichwa vya maua kabla maganda hayajakauka. Ganda la lupini likikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali. Lile ziwa la kwenye picha mara nyingi ni Tekapo, New Zealand, na kule lupini hiyohiyo inayopendeza wageni inahesabiwa kama gugu.

Mbegu za lupini zinaoteshwaje?

Ganda lake ni gumu. Sugua kila mbegu kidogo kwenye msasa mpaka rangi ibadilike mahali pamoja, kisha loweka usiku kucha. Zilizovimba ndizo za kupanda. Fukia sentimita moja hivi. Zinachukua wiki mbili, wakati mwingine tatu.

Tumia kiriba kirefu na chembamba, mche mmoja kila kiriba, na uhamishe mapema ukiwa na majani machache. Mzizi ule mrefu ukishajikunja au kukatika, mmea haukusamehe. Mbolea ya naitrojeni usiweke kabisa. Nafasi ya nusu mita kati ya mche na mche inatosha.

Magimbi nayapanda wapi uani?

Pale ambapo maji ya kuogea yanatokea. Kila nyumba ya Tanga ninayoijua ina kona hiyo, yenye ukungu na ukijani, ambayo mwenye nyumba hajui aifanyie nini. Chimba shimo la kina cha futi moja, jaza mboji nusu, panda, acha shimo lisijae ili maji yajikusanye. Nafasi kati ya shimo na shimo iwe sentimita 60 mpaka mita moja.

Cha kupanda ni kichwa cha gimbi lililovunwa, kipande cha juu kikiwa na vikonyo vilivyokatwa viachwe kama shibiri moja, au machipukizi yanayotoka pembeni ya mama. Hakuna haja ya mbegu. Magimbi hayatoi maua mara kwa mara, na likitoa watu wengi hawalioni: ua jembamba la manjano lililojificha katikati ya vikonyo.

Maji ya kuogea yenye sabuni ya kawaida hayana neno. Maji ya kufulia yenye dawa ya kung'arishia nguo yamwage kwingine. Na kama mtaro wako unapokea maji ya gereji, panda magimbi kwa ajili ya macho tu, usiyale, maana yanafyonza vyuma vizito pamoja na maji.

Pwani, ukipanda mwanzo wa masika, unavuna baada ya miezi saba hadi kumi. Majani mapya yatakuwa mafupi na ya zamani yataanza kuwa manjano. Huko Lushoto yanaota vizuri mabondeni lakini yanachelewa, mwaka mzima si ajabu.

Je, magimbi hayazalishi mbu?

Yanaweza. Kwenye makwapa ya majani, pale kikonyo kinapokumbatia shina, maji huganda, na wapo mbu jamii ya Aedes wanaopenda vidimbwi vidogo hivyo. Mbu wa malaria wao wanapenda madimbwi ya chini. Dawa ya wote wawili ni moja: shimo lisishike maji yaliyotuama siku nyingi, weka matandazo ya majani makavu, na ukipita na bomba la maji piga makwapa hayo mpaka maji ya zamani yatoke. Mara moja kwa wiki yatosha.

Vyote viwili vinaliwa?

Vinaliwa, na vyote viwili vinadhuru ukiviharakisha.

Mbegu za lupini zina protini nyingi, theluthi moja ya uzito wake au zaidi. Lakini zina alkaloidi, kitu kichungu chenye sumu. Waethiopia wanaopanda lupini nyeupe, wao huiita gibto, huikaanga na kuiloweka siku kadhaa wakibadilisha maji. Wamisri huuza turmus barabarani, mbegu zilizochemshwa, zikalowekwa, zikatiwa chumvi. Wajerumani katika miaka ya 1920 walipata lupini zisizo uchungu kwa kupima mimea mingi mmoja mmoja, na leo Australia ya Magharibi inalima kwa wingi. Sasa sikiliza: hizo zote ni za chakula. Lupini ya maua uliyopanda kwa ajili ya picha usiile, hata ukiloweka mwezi. Na mwenye mzio wa karanga akae mbali na unga wa lupini wa aina yoyote, ni ndugu wa damu.

Gimbi nalo likiwa bichi limejaa vijisindano vya kalsiamu oksaleti, havionekani kwa macho. Ndivyo vinavyokuwasha mikono ukimenya na kukukwaruza koo ukila lisiloiva. Menya mikono ikiwa mikavu na umeipaka mafuta ya nazi. Ukishawashwa, wengi hujisugua ndimu. Nami hufanya hivyo.

Kwa futari, mimi huyakata vipande vikubwa, nayachemsha kwa maji ya chumvi mpaka kisu kiingie bila ubishi, namwaga maji yale. Kisha tui jepesi, kitunguu, pilipili mbuzi nzima isiyopasuka, moto wa kadiri. Likishakauka nusu naweka tui zito, na kuanzia hapo mwiko haugusi sufuria, natikisa tu. Ukikoroga, magimbi yanavurugika yanakuwa uji, na mama mkwe atauliza umepika nini. Watu wa Ramadhani hawahitaji kufundishwa na mimi, ila nimeulizwa na waliokuja juzi kutoka bara.

Majani machanga pia ni mboga. Sharti yaive haswa, nusu saa kwenda juu.

Nina watoto wadogo na mbuzi. Kipi salama?

Magimbi yana faida moja: mtoto akilitafuna jani bichi, mdomo unamuwasha palepale, atalitema. Lupini haina onyo hilo kali, na maganda yake yanafanana na ya njegere, ndiyo hatari yake. Mpeleke mtoto hospitali akimeza mbegu zake, usisubiri. Mbuzi na ng'ombe hudhurika na lupini chungu, zaidi mbegu na maganda.

Ni kweli lupini inarutubisha ardhi?

Kweli. Ng'oa mche taratibu, utaona vinundu mizizini. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu kwa ndani kama nyama, bakteria wamo kazini wakikamata naitrojeni ya hewani. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kazi inayofanyika. Tatizo ni kwamba bakteria wa lupini wana uchaguzi wao, na shamba ambalo halijawahi kuwa na lupini huenda halina wanaofaa.

Lupini nyeupe ina ufundi mwingine. Inatoa vishada vya mizizi midogo, imesongamana kama brashi ya kuoshea chupa, na vishada hivyo vinatoa asidi inayoifungua fosforasi iliyogandiana na udongo. Yule mbwamwitu aliyesingiziwa kula ardhi, kumbe alikuwa anapika.

Magimbi hayarutubishi. Yanakula, na yanakula sana. Yape mboji.

Vinaweza kukaa bustani moja?

Tuta moja, hapana. Mteremko mmoja, ndiyo, na Usambara haikosi miteremko. Lupini juu kwenye ngazi ambako maji hayakai, magimbi chini bondeni ambako kila kilichooshwa kinashukia. Nimeona bustani moja ya namna hiyo upande wa Soni. Nilipofika asubuhi kulikuwa na umande. Juu, matone yalikuwa yamekaa kimya kila moja kwenye kiganja chake. Chini, kwenye majani ya magimbi, upepo ukigusa kidogo tu tone linateleza, linazunguka jani zima bila kulilowesha, linadondoka. Niliacha kumsikiliza mwenyeji wangu, akaniuliza mara mbili kama nataka chai.

Wadudu na magonjwa?

Lupini: vidukari kwenye ncha ya mnara, konokono kwenye miche, ubwiriunga hewa ikiwa nzito. Maji ya sabuni huwapunguza vidukari, konokono waokote usiku kwa tochi. Usipulizie sumu ikiwa imechanua; maua yake karibu hayana nekta, nyuki wanafuata chavua tu, na wanakuja wengi.

Magimbi: ukiona madoa ya kahawia yenye miduara, yanapanuka upesi wakati wa mvua, shuku baka la majani linaloletwa na Phytophthora colocasiae. Kata majani hayo, yachome, na usichukue vichwa vya kupanda kwenye shamba hilo.

Naweza kuagiza mbegu kutoka nje?

Kwa utaratibu. Mbegu zinahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na wanaoshughulika nalo ni TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu. Najua wanaozificha kwenye soksi za sanduku. Mpwa wangu nilimfokea, baada ya kuzipanda.

Magimbi si mmea wa kimaskini? Wageni wataonaje?

Swali hili niliulizwa na bwana mmoja aliyejenga nyumba nzuri sana Chumbageni, akaniambia hawezi kuweka "mboga ya mtaroni" mbele ya geti. Nilimwonyesha picha za bustani za Uingereza na Marekani. Kule magimbi yanauzwa kama pambo, yanaitwa masikio ya tembo, na kuna yenye majani meusi ti kama lami. Baridi ikija wanayachimba, wanayahifadhi ndani kama mayai, wanayarudisha nje joto likianza. Yeye anayo bure mwaka mzima.

Na siyo mara ya kwanza kwetu. Kuna ua dogo la zambarau la milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, alituma mbegu zake nyumbani kwao, likaitwa Saintpaulia kwa jina lake. Sasa liko madirishani dunia nzima. Waulize watu kumi soko la Mgandini kama wamewahi kuliona.

Yule bwana alichukua miche sita. Ameipanda pande mbili za geti, ameiwekea taa kwa chini, na usiku vivuli vya majani vinapanda mpaka ghorofa ya pili.

Bado nautaka mnara wa maua, na niko hapahapa mjini.

Basi panda marejea. Ni mkunde, Crotalaria, mnara wa manjano, maua ya umbo lilelile la bawa na mashua, kimo cha mtu. Wakulima wa Ruvuma wanaijua vizuri kama mbolea ya kijani, wamonaki wa Peramiho waliieneza sana. Joto haliisumbui, na mizizini ina vinundu vyake. Mbegu usiwape kuku.

Loweka usiku mmoja, panda vuli ikianza, usiibembeleze. Ganda likikauka litikise sikioni, linalia kama kayamba.

Mwisho: unauza miche ya lupini?

Siuzi. Mbegu za marejea ziko kwenye kopo la maziwa ya unga, kulia. Magimbi ni beseni lile uliloliruka ukiingia.